Moshi wa Dandora, Taka za Kitisuru

Muulize mtu wa rika la kaka yangu ni albamu gani ya hip hop ya Kenya iliyo nzito kushinda zote, na kuna uwezekano mkubwa atakutajia Dandora Burning ya Ukoo Flani Mau Mau, iliyotoka mwaka 2006. Halafu atashusha sauti kidogo, kama mtu anayezungumzia msiba. Manze, ile ni giza, atakwambia. Ile usisikize ukiwa na stress.

Nataka kubishana na hilo neno, giza.

Mimi ni mtoto wa Kitisuru, lakini usinielewe vibaya. Sikukulia kwenye nyumba kubwa yenye ua wa michongoma na mlinzi getini. Nilikulia SQ, nyuma ya nyumba hiyo, ambako mama alifua na kupika kwa miaka. CD ililetwa na kaka yangu, aliyekuwa akifanya mjengo mjini. Siku moja sauti ilifika hadi nyumba kubwa, na mwenye boma akamwambia mama kwamba muziki wa wahuni haupigwi pale kwake. Mama akazima redio bila neno. Tangu siku hiyo nimekuwa na swali: kwa nini nyimbo kuhusu moshi wa upande wa pili wa mji ziudhi watu ambao moshi huo hawajawahi kuuvuta?

Jibu linaanza na ramani. Nairobi ya mkoloni iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa magharibi, juu, penye baridi na udongo mwekundu. Waafrika walisukumwa mashariki, chini, kwenye udongo mweusi unaonata viatu mvua ikinyesha. Kitisuru yetu ilikuwa mashamba ya kahawa. Uhuru ulipokuja ulibadilisha majina ya wenye ploti, lakini mteremko ukabaki palepale. Mto Gitathuru unaopita pande hizi unashuka hadi bonde la Mathare, na maji yake yanaishia kwenye Mto Nairobi. Mto Nairobi nao unapita kando ya jaa la Dandora. Maji yetu yanashuka kuelekea Eastlands, na taka zetu zinafuata.

Dandora haikuzaliwa ghetto. Katikati ya miaka ya 1970, serikali na Benki ya Dunia waliipanga iwe mtaa wa mfano: ploti kama 6,000 za watu wa kipato cha chini, zikiwa tayari na maji na choo, kisha mwenyewe umalizie nyumba kwa nguvu zako. Ilikuwa ndoto nzuri. Lakini ni katika miaka hiyohiyo ambapo machimbo ya mawe yaliyokuwa karibu yalianza kujazwa taka za jiji zima. Mwaka 2001 jaa likatangazwa kuwa limejaa. Malori hayakusikia tangazo hilo. Yaliendelea kuja, na bado yanakuja.

Katikati ya hayo ndipo vijana watatu wa Dandora, Kama, Johny na Oteraw, walipounda Kalamashaka. Mwaka 1997 wimbo wao Tafsiri Hii uliwafanya wengi waamini kwamba unaweza kurap kwa Kiswahili cha mtaani, bila kuiga lafudhi ya Mmarekani, na nchi nzima ikakusikiliza. Mwaka 2001 ikaja albamu yao Ni Wakati, waliyoifanya na Ken Ring, rapa na prodyuza wa Uswidi mwenye asili ya Kenya. Katika wimbo uliobeba jina la albamu hiyo sauti ya Malcolm X inasikika. Si ajabu. Malcolm mwenyewe aliwasifu Mau Mau mbele ya umati kule Harlem mwaka 1964, wakati hapa nyumbani wapiganaji wale walikuwa wakiambiwa wasahau yaliyopita.

Hapa ndipo kesi ya "uchochezi" inapoingia. Wale vijana waliita kambi yao Mau Mau. Baadaye waliungana na Ukoo Flani ya Mombasa, na jina refu likawa Ukoo Flani Mau Mau. Ukisikia leo unaona jina kali tu la kundi. Lakini serikali ya mkoloni ilipiga Mau Mau marufuku mwaka 1950, na amri hiyo iliachwa kwenye vitabu vya sheria enzi yote ya Kenyatta na yote ya Moi. Iliondolewa Agosti 2003, chini ya Kibaki. Hebu fikiria: miaka 40 baada ya bendera kupandishwa, mzee aliyepigania msitu wa Nyandarua alikuwa bado mwanachama wa kundi haramu kisheria. Na watoto wa Dandora walikuwa wakijiita jina hilo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Halikuwa jina la mapambo. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi walizingira Nairobi, wakapekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba na kuwapeleka maelfu kwenye kambi za vizuizi. Songa mbele hadi Machi 2002: mauaji ya Kariobangi North yanatokea, mlango wa pili tu kutoka Dandora, na Mungiki inapigwa marufuku. Baada ya hapo, kijana wa Eastlands mwenye rasta akikutana na karao usiku, nywele zake zinatosha kuwa ushahidi. Bibi yako alipekuliwa, wewe unapekuliwa. Ukijiita Mau Mau katika hali hiyo, unasema tu kwamba umetambua mtindo.

Mwaka 2004 kundi hilo na wasanii wengine wa mtaani walikusanyika katika nyumba moja ya Eastlands iliyogeuzwa studio, wakarekodi Kilio Cha Haki. Msaada ulitoka Uholanzi. Linafaa kutajwa, kwa sababu pesa zilizorekodi kilio cha Eastlands zilisafiri kutoka Ulaya wakati sisi tuko mathree mbili tu kutoka hapo. Miaka miwili baadaye ndiyo ikaja Dandora Burning.

Sasa turudi kwenye giza. Jina la albamu watu huliweka kwenye kundi la mafumbo: mtaa unaungua kwa hasira, kwa bunduki, kwa njaa. Sawa, hayo yote yamo. Lakini kabla hujafika kwenye fumbo, soma maana ya kawaida. Dandora inaungua. Jaa lile hufuka moshi mchana na usiku. Plastiki, betri, dawa za hospitali, mabaki ya viwanda, vyote vinaungua pamoja, na moshi unaingia darasani, kanisani na kwenye keja ya mtu aliyelala.

Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya albamu, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu jaa hilo. Watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na hapo walipimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka wa hatari uliokubalika duniani wakati huo. Karibu nusu walikuwa na matatizo ya kupumua. Makao makuu ya shirika hilo yako Gigiri, ng'ambo tu ya Limuru Road ukitoka kwetu. Ripoti hiyo hakuna aliyeiita muziki wa wahuni.

Huo ndio mgogoro wangu na neno giza. Kusema albamu hii ni giza ni kusema kwamba mchoraji alipenda rangi nyeusi. Hawa jamaa hawakuchagua rangi. Walisema kilichopo, kwa lugha ya waliopo, na kipimo cha damu kikaja nyuma yao kuthibitisha. Mwanahistoria akitaka kujua hali ya hewa ya Nairobi mwaka 2006, aanzie hapo.

Siwapambi. Sauti nyingi kwenye kazi zao ni za wanaume, na mama anayechambua plastiki jaani ili alipe karo hatumsikii kwa mdomo wake mwenyewe kama anavyostahili. Historia hiyo bado inasubiri mtu wa kuirekodi. Pengine anarekodi kwa simu saa hii, na hatumjui.

Lakini wanaohitaji zaidi kuisikiliza Dandora Burning si watu wa Dandora. Wao wanajua. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru jaa lile lihamishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ilipita. Gari la taka bado linakuja mtaani kwetu kila wiki, wale mabeshte wanabeba mifuko, wanasukuma ya mwisho kwa mguu, na gari linateremka kuelekea Westlands. Huku juu mapipa yanabaki safi na hewa inanukia majani yaliyokatwa. Harufu ya siku saba imehamia kwa mtu mwingine.

Kwa hivyo ukiwa na nafasi, itafute hiyo albamu na uisikize yote kwa mpangilio wake, bila kuruka. Na kama unaishi upande wetu huu, iweke siku ya gari la taka.