CORONA ILIVYOFICHA KANSA ZA WATOTO (Sehemu ya 3)

Sehemu mbili zilizopita tuliona kansa za watoto ni zipi. Leo ni historia kidogo, maana wengi mmeniuliza: "Nesi, mbona watoto wa huku kwetu wanafika Muhimbili uvimbe umeshakuwa mkubwa?"

1️⃣ Tuanze mbali. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akamwona mwingine, akaanza kujiuliza. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari, wakazunguka kama kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Wakakuta uvimbe ule uko zaidi sehemu za chini zenye joto na mvua, kwenye malaria nyingi. Leo kansa hiyo inaitwa Burkitt.

Joto, mvua, malaria. Si ndiyo Rufiji yetu hiyo?

2️⃣ Mtego uko hapo. Kansa ya damu nayo mara nyingi huanza kwa homa na kupungukiwa damu, kama malaria tu. Mtoto anapewa dawa ya mseto, homa inashuka, inarudi. Mama yuko Kiongoroni au Mbuchi, anasubiri maji yajae ndipo boti itoke. Au ni msimu wa mpunga, familia yote iko dunguni inalinda shamba. Kisha afike Kibiti, kisha ashike barabara ya Kilwa mpaka Dar. Kila hatua inakula siku, na Burkitt inaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku chache! Haya yote yalikuwepo kabla ya corona.

3️⃣ Machi 16, 2020, mgonjwa wa kwanza wa corona akatangazwa Tanzania. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Wenzetu Uganda walizuiwa hata usafiri. Sisi barabara ilibaki wazi, lakini hofu inaweza kufunga njia bila askari. Mtu akiamini hospitali ndiko ugonjwa uliko, atabaki nyumbani.

Mwanzoni mwa 2021 mnakumbuka "changamoto ya upumuaji"? Nyungu kila kona. Sasa fikiria mtoto anayehema kwa shida, watu wote wanasema ni hiyo hiyo. Lakini kuna kansa za tezi zinazovimba ndani ya kifua na kubana njia ya hewa. Hiyo hata ukimfukiza mwezi mzima haitoki.

4️⃣ Watafiti waliuliza hospitali 213 zinazotibu kansa za watoto katika nchi 79. Karibu 4 kati ya 10 zilisema zilipata wagonjwa wapya wachache kuliko kawaida. Theluthi moja hivi ziliona familia nyingi zaidi zikiacha matibabu katikati. Jamani, kansa haikupungua. Watoto walikuwa nyumbani.

5️⃣ Corona imetulia, ila kesho litakuja jingine: mafuriko, kipindupindu, mafua mapya. Ugonjwa mmoja ukitawala midomo ya watu, mengine yanajificha nyuma yake. Kwa hiyo mama, usingoje haya yapite:

▪️ Homa inayorudi baada ya kumaliza dawa
▪️ Uvimbe wa taya, shingo au tumbo
▪️ Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, hata kwenye picha ya simu
▪️ Weupe wa viganja, michubuko au damu kutoka bila sababu
▪️ Maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku
▪️ Kichwa kuuma na kutapika kila asubuhi

Ukifika zahanati sema wazi: "Hii ni mara ya pili au ya tatu, naomba achunguzwe zaidi." Huo si ubishi, ni haki ya mtoto. Tangu 2011 wodi ya kansa za watoto iko Muhimbili, na wapo wanaopona wakarudi shule. Wanaowahi ndio wenye nafasi kubwa zaidi.

Mtumie mama mwenzio aliyeko delta, hata kwa kumsomea kwenye simu. Sehemu ya 4 tutaongelea jicho. 🙏🏾