Bunduki Isiyo na Fundi

Taja Isiolo na bunduki pamoja, na watu wa Nairobi watadhani unawasomea taarifa ya habari. Mimi nina swali lingine: fundi wa bunduki hizo ni nani?

Chukua Korbesa, kijiji cha Waborana upande wa Merti. Waborana wana wahunzi wao, wanaoitwa tumtu. Mkuki uliofuliwa na tumtu ulikuwa na mwenyewe, na watu walijua umetoka kwa mkono wa nani. Bunduki haikupitia kwake. Ilikuja imekamilika, kutoka kiwanda ambacho hakuna mtu wa kijiji amekiona.

Usidhani ni kwa sababu mikono ya Kiafrika haiwezi. Huko Karamoja, Uganda, wafugaji walijitengenezea bunduki za mabomba ya chuma miaka ya 1970, wakaziita amatida. Hapa Kenya, Mau Mau walikuwa na mafundi wao. Bomba la maji liligeuka mtutu, komeo la mlango likapiga risasi likivutwa na mpira wa tyubu, kitako kikachongwa kwa mti wa msituni. Nyingine zilimlipukia mwenyewe usoni. Na ukishikwa na bunduki, au hata risasi moja tu, sheria ya hali ya hatari ingeweza kukupeleka kitanzini. Waafrika 1,090 walinyongwa katika vita hivyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kosa la kuua.

Mafundi hawa walikuja kumalizwa na bunduki rahisi. Mwaka 1979 jeshi la Idi Amin lilipotoroka, ghala la kambi ya Moroto likabaki wazi na Wakaramoja wakajibebea. Nani tena angehangaika na bomba?

Kwetu kaskazini, Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwaacha Waborana wa Isiolo wamefungiwa kambini, Merti na Garba Tula, huku mifugo yao ikiisha. Halafu 1991 Siad Barre akaanguka Somalia, Mengistu naye Ethiopia, mwaka huo huo. AK zikavuka mpaka, na wizi wa mifugo haukuwa tena mambo ya mikuki.

Kwa maoni yangu, fundi alikuwa breki. Anatengeneza moja moja, polepole, na anajulikana. Mzee anaweza kumwita chini ya mti amuulize: hii ulimpa nani, na ya nini? AK haina wa kuitwa.

Mwaka 2021 serikali ilifungua kiwanda cha silaha Ruiru, chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Tulishangilia kwamba sasa tunajitengenezea wenyewe. Sawa, ni hatua. Lakini ng'ombe wakiibwa kesho na mchungaji apigwe risasi, mamake bado hatakuwa na fundi wa kumuuliza.