Mizani ya Pamba na Elimu ya Ng'ambo

Katika Ngokolo, kata ya mji wa Shinyanga, kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza na kazi ya uhasibu huenda siku moja akauliza gharama ya kwenda Uingereza au India kusomea shahada ya uzamili ya uendeshaji wa biashara. Shahada hiyo si ya kale. Chuo Kikuu cha Harvard ndicho kilichoianzisha mwaka 1908. Lakini jambo lenyewe, yaani kuvuka bahari ili kujifunza namna ya kununua, kuuza, kuandika hesabu na kuongoza mali ya watu wengi, halikungoja jina la shahada. Katika nchi ya Usukuma lilitokana na pamba, na mtu anayekumbukwa zaidi kwa ajili yake ni Paul Bomani.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mwana wa mchungaji wa Kisabato. Katika miaka ya 1940 alifanya kazi ya kutunza hesabu Mwadui, karibu na Shinyanga, katika mgodi wa almasi uliogunduliwa na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, mwaka 1940. Yafaa jambo hilo litiliwe maanani. Kabla ya kufundishwa na mwalimu yeyote wa ng'ambo, kijana huyu alikuwa amekwisha kuketi mbele ya daftari la kampuni kubwa na kuona jinsi utajiri wa ardhi unavyogeuka tarakimu. Mwaka 1947 alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, na huko akakutana na swali lililowachoma wakulima wote wa Jimbo la Ziwa: swali la mizani.

Mkulima alileta pamba yake sokoni ikiwa na mbegu. Mnunuzi, ambaye kwa kawaida alikuwa wakala wa mwenye kiwanda cha kuchambua, ndiye aliyepima, ndiye aliyetamka kama pamba ni safi au fifi, na ndiye aliyelipa. Mkulima hakujua kusoma mizani, au alijua lakini hakuruhusiwa kusogea. Ratili chache zilizopunguzwa katika kila mzigo hazikuonekana kwa mtu mmoja, lakini zilipokusanywa katika soko zima kwa msimu mzima zilikuwa mali nyingi. Tena pamba ya mbegu hutoa nyuzi kiasi cha theluthi moja tu ya uzito wake, na mbegu zinazobaki zina mafuta yenye bei yake. Asiyejua hesabu hiyo hawezi kudai haki yake hata akiachiwa mizani siku kutwa. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya wakulima haikuwa kugoma wala kujenga kiwanda. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kusimama kando ya mnunuzi na kutazama mshale. Kutoka kwa wapimaji hao kulizaliwa umoja wa wakulima, na kutoka katika umoja huo vyama vya msingi vilivyoandikishwa kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932.

Katika hali hiyo Bomani alikwenda Uingereza mwaka 1953, akasoma hadi 1954 katika Chuo cha Ushirika kilichokuwa Stanford Hall, karibu na Loughborough. Chuo hicho kilikuwa mtoto wa harakati ya wafumaji wa Rochdale, watu 28 waliofungua duka lao Desemba 1844 wakiahidiana vipimo vya haki na bidhaa zisizochanganywa na uchafu. Ni ajabu nzuri kwamba kijana aliyetoka katika ugomvi wa mizani ya Mwanza alipelekwa kujifunza kwa warithi wa watu walioanza na ugomvi uleule. Pengine hakusikia mengi mapya juu ya dhuluma. Alichokuwa na haja nacho ni kanuni: jinsi mali ya watu maelfu inavyoandikwa ili yeyote aweze kuikagua, mipaka ya madaraka ya meneja mbele ya kamati, na sehemu ya faida inayowarudia wanachama.

Hakuwa Mwafrika wa kwanza wa pande hizo kusoma Uingereza. Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, katika wilaya ya Shinyanga, ambaye mwaka 1945 aliingia Baraza la Kutunga Sheria pamoja na Mtemi Abdiel Shangali wa Machame, alisoma Oxford katika Lincoln College. Safari hizi mbili zinatofautiana sana. Serikali ya kikoloni ilitaraji mtemi arudi akiwa mtawala bora. Elimu yake ilijengwa juu ya kiti cha enzi. Ya Bomani ilijengwa juu ya risiti. Baada ya uhuru viti vya watemi viliondolewa mwaka 1963, lakini risiti za pamba ziliendelea kuandikwa.

Bomani aliporejea alikuta chama cha TANU kimezaliwa na matawi yake yamepigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, marufuku iliyodumu hadi 1958. Mikutano ya siasa ilizuiwa, mikutano ya pamba haikuzuiwa. Mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa, naye akawa meneja mkuu. Kiwanda cha kuchambua pamba cha Kasamwa, katika Geita, kilikuwa miongoni mwa vile vya mwanzo kumilikiwa na wakulima wenyewe. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1950 pamba ya Jimbo zima ilipitia mikononi mwa Shirikisho, na wengi walilitaja kuwa chama kikubwa cha ushirika kuliko vyote vilivyomilikiwa na Waafrika. Haya si matunda ya mwaka mmoja wa Loughborough. Watu waliokwenda kijiji kwa kijiji, na wapimaji ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni, walikuwa wamekwisha kulima shamba hilo. Chuo kilimpa mmoja wao lugha ambayo mabenki na maofisa wa serikali hawakuweza kujifanya hawaifahamu.

Hapo ndipo penye udhaifu wa habari hii. Lugha hiyo ilikaa juu. Pamba iliongezeka mara kadhaa baina ya 1950 na 1966, vyama vya msingi vikaongezeka, na kila kimoja kilihitaji karani, mweka hazina na kamati inayoweza kumwuliza meneja maswali. Bomani mwenyewe alikuwa ameondoka. Alikuwa Waziri wa Kilimo mwaka 1960, kisha Waziri wa Fedha kuanzia 1962. Tume ya Serikali ya mwaka 1966 iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilitaja upungufu wa elimu kwa wanachama, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, uhaba wa demokrasia na kuingiliwa na siasa. Mkulima aliyekuwa akitazama mshale wa mnunuzi sasa alikuwa na mizani yake, lakini daftari lilifungwa ofisini kwa mtu wa chama chake. Baada ya tume hiyo Serikali ilitia mkono katika uongozi wa Shirikisho, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote.

Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Shinyanga ikapata chama kikuu chake, SHIRECU, mwaka 1984. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, vyama hivyo vilikutwa na madeni na mashine zilizochakaa, na ugomvi wa mizani ukasikika tena minadani.

Chuo cha Ushirika cha Moshi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1963, wakati mwanafunzi wa zamani wa Loughborough alipokuwa akishika hazina ya nchi. Mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika, nacho kina tawi Kizumbi, katika manispaa ya Shinyanga, ambako hufundishwa uhasibu na uendeshaji wa ushirika. Kutoka Ngokolo mtu huweza kwenda huko asubuhi kwa baiskeli na kurudi jioni.