Thiotimolini: Dhihaka Katika Vazi la Usomi

Katika historia ya tashtiti ya kisayansi, thiotimolini ina nafasi ya pekee. Mwaka 1947 Isaac Asimov, mwanafunzi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa akifanya majaribio ya katekoli, dutu inayoyeyuka mara igusapo maji. Akabuni nyingine iyeyukayo sekunde 1.12 kabla ya kutiwa maji; yaani, muda wake wa kuyeyuka ni hasi. Bunilizi hiyo, iliyotolewa Machi 1948 katika jarida la Astounding Science Fiction, iliandikwa kwa umbo la ripoti ya utafiti, pamoja na majedwali, grafu na marejeo ya uongo. Kwa vile alikaribia kutahiniwa shahada ya uzamivu, Asimov alihofia kudharauliwa na watahini, akaomba litumike jina la bandia. Lilichapishwa jina lake halisi. Mei mwaka huo, mwishoni mwa mtihani wa mdomo, mtahini mmoja alimwuliza kuhusu thiotimolini. Asimov aliangua kicheko, kwani alitambua kuwa amefaulu.

Dhihaka hiyo yadhihirisha kwamba fani ya usomi huweza kusadikisha hata pale maudhui yanapokuwa muhali. Kwa hiyo uhakiki hauna budi kuipima hoja yenyewe kabla ya kuridhika na tanbihi na majedwali.