63: Namba iliyofanya diski mpya za mjomba zionekane feki

Wadau, leo sina mchezo. Nataka tuongee kuhusu namba moja iliyovunja urafiki wa watu wazima wawili huku Likoni, na wote wawili hawakuwahi kuijua. Namba yenyewe ni 63.

Mjomba wangu alikuwa na cyber Mtongwe. Kompyuta za mtumba, zile zilizoshukia Kilindini zikiwa zishatumika ofisini ng'ambo, zote zikiendesha Windows XP. Mwaka 2009 kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, intaneti ikawa na maana, na mjomba akawa mtu. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa maji, lakini nakumbuka foleni ya watu wa Facebook na CV.

Baadaye diski zikaanza kufa moja moja. Mjomba akanunua mpya, na fundi wake, rafiki yake wa siku nyingi kutoka Changamwe, akafanya kile ambacho kila fundi alikuwa akifanya: akakopi diski nzima ya zamani, XP na kila kitu, akaibandika kwenye mpya. Safi. Ila mashine zikarudi zikiwa nzito kuliko zilivyokuwa na diski kuukuu. Hebu fikiria, diski mpya inashindwa na nzee! Mjomba akasema ameuziwa feki. Fundi akaapa ni orijino. Maneno yakawa maneno, mpaka wakaacha kusalimiana.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983 IBM walitoa PC XT, kompyuta yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na DOS 2.0. Hapo ndipo lilipoingia lile jedwali la mwanzo wa diski linaloonyesha kila patisheni inaanzia wapi. Jedwali lina nafasi nne tu, na tuliishi nalo miaka na miaka. Diski ilikatwa vipande vidogo vya baiti 512, vinaitwa sekta, na kila sekta ilikuwa na anwani ya sehemu tatu: silinda, kichwa, sekta. Sehemu ya sekta ilipewa biti 6 peke yake, na kuhesabu kulianzia 1, kwa hivyo mwisho ni 63. Ikawa desturi kwamba njia ya kwanza ya diski inaachiwa lile jedwali, na patisheni ya kwanza inaanza njia inayofuata. Yaani kwenye sekta namba 63, ukihesabu kutoka sifuri.

Kichekesho ni kwamba miaka ya tisini diski hazikuwa tena na sekta 63 kwa kila njia. Njia za nje zilibeba nyingi, za ndani chache. Diski ilikuwa inaidanganya kompyuta ili mambo yaende, na mstari wa zamani ukabaki palepale. Sisi watu wa Pwani hatufai kushangaa. Ile maili 10 ya ukanda wetu, Waingereza na Wajerumani waliikubaliana 1886 bila kumuuliza mtu wa Mtongwe, na bado watu wanaibishania mpaka leo.

Shida ilikuja pale viwanda vilipochoka na baiti 512. Kila sekta inahitaji nafasi yake ya kusahihisha makosa na pengo la kuitenganisha na jirani, kwa hivyo sekta ndogo nyingi ni nafasi nyingi inayopotea. Mwishoni mwa 2009 Western Digital wakaanza kuuza diski za sekta za baiti 4,096, na viwanda vikawa vimekubaliana kwamba kuanzia Januari 2011 diski mpya za kompyuta za kawaida ziende njia hiyo. Lakini ili zisikataliwe na mashine za zamani, kwa nje bado zilijitambulisha kama za 512. Uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Piga hesabu. Sekta kubwa moja ni sekta ndogo nane. XP nayo huandika faili zake kwa mafungu ya nane nane. Ukianzia 64, kila fungu linaingia ndani ya sekta kubwa moja. Ukianzia 63, ni kama familia ya watu nane pale feri ya Likoni: mmoja anaingia feri iliyopo, saba wanasubiri ijayo. Kila familia, kila safari! Na kuandika ndiko kubaya zaidi, maanake diski haiwezi kuandika nusu ya sekta kubwa. Inaisoma yote, inabadilisha kipande, inangoja sahani izunguke tena, ndipo iandike. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia kama milisekunde 8 kwa mzunguko mmoja. Ni kidogo, sawa, lakini kivinjari cha cyber huandika vifaili vidogo siku nzima.

Na dawa ilikuwepo. Windows Vista, 2007, iliacha 63 ikaanza patisheni kwenye sekta 2,048, yaani megabaiti 1 kamili. Western Digital nao walikuwa na programu ya kusogeza patisheni, na hata kipini cha kuchomeka nyuma ya diski ili 63 ihesabike kama 64. Lakini fundi anayekopi XP anakopi na mstari wake. Hakuna aliyemwambia.

Sisemi 63 ndiyo iliyoua cyber. Simu zingeiua tu. Ninachokataa ni vile tulivyorukia neno "feki" na neno "fundi bandia", kwa sababu vitu vyetu ni vya mtumba na mafundi wetu hawana vyeti. Mimi mwenyewe chuo niliacha, kwa hiyo neno hilo nalijua likirushwa.

CPU moja ya mjomba bado ipo chini ya kitanda. Wiki iliyopita niliiwasha, nikaandika msinfo32, nikaenda kwenye Diski, nikatafuta patisheni inaanzia wapi. Baiti 32,256. Gawanya kwa 512 upate 63. (Yako ikisoma 1,048,576 uko sawa. Ikisoma namba nyingine, igawanye kwa 4,096. Ikibaki desimali, una kazi. Hifadhi vitu vyako kwanza kabla ya kusogeza chochote.)

Nilimuonyesha mjomba. Akakaa kimya kama dakika nzima, akaomba nimuandikie hiyo namba kwenye karatasi. Kisha akauliza, "Mwanangu, yule bwana bado yuko Changamwe?"