Maafisa wa Uingereza na Siasa za Makabila: Jinja na Mbale, 1897 hadi 1919

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda huulizwa mara kwa mara kwa nini anajisumbua na lugha ya askari. Swali hilo ni la zamani, na jibu lake halipatikani katika vitabu vya sarufi peke yake. Katika makala haya tunakusudia kurudi nyuma hadi miaka ambayo maafisa wa Uingereza waliitazama mashariki ya Uganda, kutoka Jinja hadi Mbale, wakaandika nani ni rafiki, nani ni adui na nani ni wa kabila gani. Tunaamini kwamba baadhi ya majina na dhana tunazozitumia hadi leo, pamoja na sifa hiyo ya Kiswahili, zina mizizi katika miaka hiyo.

Kwanza ni vyema tukumbuke kwamba hadi mwaka 1905 Uganda haikuwa chini ya Wizara ya Makoloni bali chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Kwa hiyo walioitawala walifanya kazi kwa desturi ya kibalozi. Sir Harry Johnston, aliyeteuliwa Kamishna Maalumu mwaka 1899, alikuwa amewahi kuwa balozi mdogo. Kazi ya watu wa namna hii ilikuwa kupima nguvu za kila mkubwa wa kienyeji, kumchagua wa kumtegemea, na kuipelekea London taarifa. Wizara hiyohiyo ilitumia mtindo huo mahali pengine pia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mabalozi wadogo wa Uingereza kusini mwa Uajemi waliandika vivyo hivyo juu ya makhani wa Waqashqai, na mwaka 1916 Percy Sykes akapelekwa huko kuunda jeshi la wenyeji chini ya maafisa wa Kiingereza.

Vita vilivyowashtua maafisa wa Uganda vilianza mwaka 1897. Mwezi Julai Kabaka Mwanga aliasi, akashindwa, na mwanawe mchanga Daudi Chwa akatawazwa mahali pake. Miezi michache baadaye askari wa Kisudani, ambao ndio waliokuwa nguzo ya serikali, nao wakaasi. Walikuwa wameamriwa kufuatana na msafara wa Meja J. R. Macdonald kuelekea kaskazini. Walitoka Eldama Ravine, katika Kenya ya leo, wakaenda hadi Busoga na kuiteka ngome ya Luba kando ya Ziwa Victoria, mashariki ya mahali ulipo mji wa Jinja. Meja Thruston, kamanda wao, alikuwa anakijua Kiarabu na aliamini kwamba askari wake watamsikiliza. Walimkamata, na baada ya mapigano ya tarehe 19 Oktoba wakamuua pamoja na Wazungu wawili wengine. Katika mapigano ya mwezi Desemba aliuawa pia George Pilkington, mmisionari ambaye walimu wa lugha wanamkumbuka kwa kazi yake ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda. Waasi waliihama ngome hiyo Januari 1898.

Je, maafisa waliuelewaje uasi huo? Hofu yao kubwa ilikuwa ya dini na kabila. Waliogopa kwamba Wasudani, kwa kuwa ni Waislamu, wangeungana na Waislamu wa Buganda chini ya Mbogo, na kwamba nchi nzima ingewaka. Mbogo hakujiunga nao. Ukitazama madai ya askari wenyewe utaona mambo ya kawaida kabisa: mshahara mdogo kuliko waliolipwa wapagazi na askari wa pwani, malipo yaliyochelewa kwa miezi, safari zisizokwisha, na kutenganishwa na familia zao. Thruston alijua lugha ya askari wake, lakini kujua lugha hakukutosha pale ambapo malalamiko yao hayakupatiwa dawa kwa wakati.

Hapa pana jambo la kujifunza kuhusu jina "Waswahili". Katika taarifa za vita hivyo tunasoma kwamba Macdonald alipigana akiwa na Wahindi wa Kisikh na "Waswahili". Msomaji wa leo asidhani kwamba wote walikuwa wenyeji wa Mombasa au Lamu. Jina hilo liliwakusanya watu wa misafara kutoka pwani na bara, wengine Wanyamwezi, wengine waliowahi kuwa watumwa, ambao kilichowaunganisha ni kazi, bunduki na lugha. Nao "Wasudani" walikuwa watu wa makabila mengi waliokusanywa na jeshi la Misri, na lugha yao iliyotokana na Kiarabu ndiyo asili ya Kinubi kinachozungumzwa hadi leo Bombo na kwingineko. Kabila, kwa maana ya karatasi za serikali, lilikuwa mara nyingi jina la kikosi.

Baada ya uasi huo jeshi lilipangwa upya, na mwaka 1902 likaingizwa katika King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya amri na ya kambi. Ndivyo lugha hii ilivyowafikia watu wengi wa mashariki: kwanza kwa mpagazi, kisha kwa askari.

Tukiiacha Jinja na kwenda Mbale tunakutana na Semei Kakungulu. Huyu alikuwa Mganda mashuhuri, mshindani wa Apolo Kagwa, na mmoja wa waliowakamata Mwanga na Kabarega tarehe 9 Aprili 1899. Kwa ridhaa ya Waingereza aliingia nchi za mashariki na wafuasi wake, akajenga ngome, akafyeka barabara, akapanda migomba na kuigawa nchi katika majimbo kwa mfano wa Buganda. Yeye na watu wake walishikilia kwamba Johnston alikuwa amemwahidi ukabaka wa Bukedi. Maafisa waliomfuata Johnston hawakuitambua ahadi hiyo. Mwaka 1902 walimwondolea mamlaka, naye akahamia chini ya Mlima Elgon, ambako wafuasi wake walijenga mji wa Mbale. Serikali nayo ikamfuata huko kuweka boma lake. Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa rais wa Lukiiko ya Busoga, cheo ambacho hakikuwapo katika mila za Wasoga, na mwaka 1913 akarudishwa Mbale. Wakati Vita Kuu ikiendelea alikuwa amejiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akatahiriwa na kuanzisha jumuiya ya Kiyahudi iitwayo Abayudaya, ambayo ipo karibu na Mbale hadi leo. Mtu aliyeitwa mshirika mkubwa akawa ni wa kuchungwa.

Swali letu ni hili: katika miaka hiyo yote, nani alimwambia afisa wa Kiingereza habari za watu wa Elgon? Aghalabu alikuwa wakala wa Kiganda, kwa Kiganda. Ndiyo maana jina Bukedi, ambalo Waganda walilitumia kwa maana ya nchi ya watu watembeao uchi, liliingia katika ramani na kuwa jina rasmi la wilaya. Watu wa mlimani wanaojiita Bamasaaba waliandikwa Bagisu. Mlima wenyewe, ambao wao huuita Masaaba, uliandikwa Elgon kwa jina lililotoka kwa Wamaasai. Majina ya namna hiyo si makosa ya tahajia. Yanatuonyesha ni nani aliyekuwa amesimama karibu na mwenye kalamu.

Tunawashauri walimu watumie habari hizi darasani. Mwanafunzi anaposoma hati ya zamani aulize: mwandishi alizungumza lugha gani na watu hawa? Nani alimtafsiria, na mkalimani huyo alikuwa na maslahi gani? Tena, mahali panapotajwa ni papi kwa ramani ya leo? C. W. Hobley alichapisha mwaka 1902 utafiti wake juu ya watu wa "Uganda ya Mashariki", lakini sehemu kubwa ya nchi hiyo ilihamishiwa Afrika Mashariki ya Kiingereza mwaka huohuo na sasa ni magharibi mwa Kenya. Mwanafunzi asiyejua hilo ataitafuta Kisumu karibu na Tororo.

Historia ya Jinja inatupa onyo jingine. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa kambi ya Jinja walimzuia waziri Felix Onama wakidai nyongeza ya mshahara, siku chache baada ya askari wa Tanganyika kuasi na kabla ya wale wa Kenya. Kwa mara nyingine wapo waliotafuta njama ya nje. Chanzo kikubwa kilikuwa kilekile cha ngome ya Luba: ujira, na askari kutosikilizwa na wakubwa wao.

Amri ya mwaka 1973 ya Idi Amin ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa iliongeza uzito wa sifa ya lugha ya askari. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini maamuzi ya serikali hayatoshi kuondoa kumbukumbu ya watu. Mzazi wa Mbale anayekiogopa Kiswahili haogopi ngeli za nomino. Anakumbuka amri zilizotolewa kwa lugha hiyo. Mwalimu akiijua historia hii ataweza kumjibu kwa heshima, bila kumdharau na bila kumdanganya: ni kweli lugha hii ilivaa sare, lakini waliokuja nayo walikuwa pia wapagazi, wachuuzi na watu waliokuwa wakidai haki yao. Hao nao tuwafundishe.