Nukta Sita

Katika mwaka wangu wa tatu wa ualimu nilifundisha somo la historia katika shule moja ya sekondari iliyopokea wanafunzi wasioona na kuwasomesha pamoja na wenzao waonao. Darasani mwangu alikuwamo kijana mmoja kipofu. Kila nilipoanza kuwasomea wanafunzi maelezo ya kuandika, yeye aliinamia mashine yake ya chuma na kuanza kuipiga, na kila alipokaribia mwisho wa mstari kikengele cha mashine hiyo kililia. Nilivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nilimwagiza aiache mashine bwenini, darasani asikilize tu, na jioni mwenzake amsomee daftari lake. Nilijiona nimefanya jambo la busara. Darasa limepata utulivu, na kijana amepunguziwa taabu ya kubeba chuma chenye uzito wa karibu kilo tano.

Siku chache kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula alinijia ofisini. Baada ya kuniamkia akaniuliza: "Mwalimu, usiku wenzangu wanasoma madaftari yao. Mimi nisome nini?"

Sikuwa na jibu. Nakitanguliza kisa hiki kwa sababu miaka mingi baadaye, niliposoma historia ya maandishi ya nukta nundu, ambayo wengi huyaita breli, nilikutana na mtu aliyetenda kama nilivyotenda mimi. Naye hakuwa mwalimu kijana asiyejua kazi, bali mkuu wa shule maarufu ya vipofu mjini Paris. Ndipo nilipotambua kwamba kosa langu lilikuwa la kale, na kwamba lilikwisha kutendwa na watu wenye nia njema kabisa.

Shule hiyo ya Paris ilianzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785. Haüy alikuwa mtu mwenye kuona, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuamini kwamba kipofu anaweza kufundishwa kusoma. Njia aliyoitumia ni kuchapa herufi za kawaida za Kilatini kwa kuzikandamiza kwenye karatasi yenye unyevunyevu, hata zikatokeza juu kama nundu, ili msomaji azipapase kwa vidole. Lilikuwa jambo kubwa kwa zama zake. Lakini vitabu vyake vilikuwa vikubwa na vizito, na msomaji alilazimika kuizunguka kila herufi kwa kidole kabla hajaitambua. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Aliweza kupokea maneno ya wengine, lakini hakuwa na namna ya kuhifadhi ya kwake mwenyewe.

Mwaka 1819 aliingia katika shule hiyo mtoto wa miaka kumi aitwaye Louis Braille. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, na baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha kali katika karakana ya baba yake, kikamchoma jichoni. Jicho likaoza, ugonjwa ukahamia jicho la pili, na kabla hajatimiza miaka sita alikuwa haoni tena. Wazazi wake hawakumficha ndani. Walimpeleka shule ya kijiji pamoja na watoto wengine, naye akajifunza kwa kusikiliza.

Mwaka 1821 shule ilipata habari za njia mpya iliyobuniwa na Charles Barbier, mtu aliyepata kuwa ofisa wa jeshi. Badala ya kutumia mistari ya herufi, Barbier alitumia nukta zilizotobolewa kwenye karatasi. Vidole vya vijana wa shule ile vilitambua mara moja kwamba nukta ni rahisi kuliko mistari. Hata hivyo, njia yake ilikuwa na kasoro mbili. Kila alama iliweza kuwa na nukta hadi kumi na mbili, hivyo ncha ya kidole haikuweza kuigusa yote kwa mara moja. Pili, alama zake ziliwakilisha sauti tu, bila tahajia wala vituo vya uandishi. Kasoro hizo hazikuonekana kwa macho, maana kwa macho nukta kumi na mbili hazina shida yoyote. Zilijulikana kwa kidole peke yake.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana Braille ndiye aliyekuwa amelala juu ya kitanda hicho. Alipunguza nukta kutoka kumi na mbili hadi sita, safu mbili zenye nukta tatu tatu, kiasi kinachoenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Kwa kuzipanga nukta hizo sita kwa namna mbalimbali hupatikana alama 63, nazo zatosha kwa herufi zote, vituo, tarakimu, na hata muziki. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa tayari mwaka 1824, naye akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Aliichapisha mwaka 1829, na mwaka 1837 akatoa toleo lililorekebishwa. Mwaka huo huo shule ilichapa kwa nukta hizo kitabu cha historia ya Ufaransa katika majuzuu matatu. Nikiwa mwalimu wa historia, sikuweza kuisoma habari hiyo bila kumkumbuka yule kijana wangu.

Wanafunzi waliipenda njia hiyo kuliko kifani. Kwa kibao chenye vijidirisha na sindano ya kutobolea waliweza kuandika waliyoambiwa darasani, kuandikiana barua, na kuweka kumbukumbu zao. Lakini mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, Pierre-Armand Dufau. Yeye alipendelea herufi za kawaida zilizotokezwa, kama zilivyotumika Uingereza na Marekani. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alihofu kwamba kipofu akiwa na alfabeti yake peke yake atatengwa na jamii ya waonao. Nukta zikapigwa marufuku, na husimuliwa kwamba vitabu vya zamani vilichomwa moto na vifaa vya kuandikia vikanyang'anywa. Wanafunzi hawakuziacha. Waliendelea kuandika kwa siri, wakitoboa kwa sindano za kufumia na hata misumari, wakafundishana mabwenini.

Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, ndiye aliyeona hali ilivyo na kumshawishi mkuu wake abadili msimamo. Jengo jipya la shule lilipozinduliwa mwezi Februari 1844, njia ya nukta ilionyeshwa hadharani na kusifiwa mbele ya wageni. Braille mwenyewe alikuwa akiugua kifua kikuu. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 43, na Ufaransa iliikubali rasmi njia yake mwaka 1854. Miaka mia moja baada ya kifo chake, mwaka 1952, mabaki yake yalihamishiwa Panthéon mjini Paris, wanakolazwa watu mashuhuri wa taifa lile. Mikono yake ilibakishwa Coupvray, kijijini alikozaliwa.

Iko habari nyingine isiyojulikana sana, nayo yaijibu hofu ya Dufau. Mwaka 1839 Braille alibuni njia ya pili, ya kuandika herufi za kawaida kwa nukta nyingi ndogo, ili kipofu aweze kuwaandikia barua wazazi na jamaa wanaoona. Rafiki yake Pierre Foucault, kipofu pia, akaunda mashine ya kuirahisisha kazi hiyo mwaka 1841. Kwa hiyo daraja la kuwafikia waonao lilijengwa na vipofu wenyewe, tena bila kuacha maandishi yao.

Uingereza nako palikuwa na mabishano. Katika karne ya 19 palikuwa na njia nyingi za kuchapia vipofu, kila mwenye njia yake akiisifia. Mwaka 1868 daktari Thomas Rhodes Armitage, aliyeacha udaktari kwa sababu ya kuharibikiwa macho, aliunda chama pamoja na wenzake ili kuchagua njia iliyo bora. Waliweka sharti kwamba waamuzi wawe ni watu wanaosoma kwa vidole, wanaozifahamu njia kadhaa, na wasio na maslahi ya fedha katika hata mojawapo. Waamuzi hao wakachagua nukta sita. Sharti hilo ni dogo kulitamka, lakini lingezingatiwa mapema, miaka mingi ya ugomvi ingeokolewa.

Mashine nazo zikafuata. Frank Hall, mkuu wa shule ya vipofu huko Illinois, Marekani, alionyesha mashine yake ya kuandikia nukta mwaka 1892. Mwaka 1951 ikatolewa ile iliyoenea duniani kote, Perkins Brailler, iliyosanifiwa na David Abraham, mwalimu wa ufundi katika shule ya Perkins karibu na Boston. Ina vibonye tisa: sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma na kimoja cha kushuka mstari. Haihitaji umeme. Yaweza kudumu miaka mingi ikitunzwa na kusafishwa. Hiyo ndiyo niliyoiamuru iachwe bwenini.

Kwetu Afrika Mashariki maandishi haya yalikuja na shule za makanisa. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona ya Thika, Kenya, mwaka 1946, na Kanisa la Anglikana likaanzisha ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kiswahili hakikupata taabu kuingia ndani ya nukta sita, kwa kuwa herufi zetu ni za Kilatini na tahajia yetu hufuata matamshi. Taabu imekuwa ni upatikanaji wa mashine, karatasi nene na vitabu.

Siku hizi kuna kompyuta zinazosoma kwa sauti maandishi yaliyomo ndani yake. Hapo nako twaukuta mwenendo ule ule. Programu iitwayo JAWS ilianzishwa na Ted Henter, aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Programu ya NVDA, ambayo hutolewa bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kipofu pia. Wapo wanaosema kwamba sasa nukta hazina kazi, kwa kuwa mashine inasoma yenyewe. Mimi nikisikia hayo hukumbuka agizo langu la wiki ya tatu, asikilize tu. Anayesikiliza tu haoni jinsi neno linavyoandikwa, wala hawezi kupitisha kidole chake polepole juu ya sentensi ngumu na kuirudia. Sauti ni msaada mkubwa, lakini anayepaswa kusema kama inatosha ni yule anayeitumia.

Turudi ofisini kwangu. Siku ile nilimruhusu kijana airudishe mashine darasani. Mimi bado niliiwazia ile kelele, na nikamwambia hivyo. Akanijibu kwa adabu kwamba bwenini huweka chini yake kipande cha blanketi kuukuu, na wenzake hulala bila kusumbuliwa. Kesho yake alikuja nacho, akakikunja mara nne juu ya dawati, na kelele ikapungua hata nikaisahau. Dawa hiyo alikuwa nayo muda wote. Sikuwa nimemwuliza.

Mtihani wa muhula ule aliufanya kwa yale aliyoyashika kichwani, naye hakufaulu historia. Mihula iliyofuata alifaulu vizuri, lakini katika ripoti yake ile alama ilibaki palepale, imeandikwa kwa mkono wangu.